Kwa Ruhusa ya Nani

Daftari lilitupwa mezani, likateleza, likaangukia mapajani mwa fundi cherehani.

"Lisome," Mwenyekiti alisema. "Ukurasa wa kwanza. Na sauti itoke."

Fundi hakulisoma. Mwandiko ulikuwa wake. Ndani mlikuwa na sala kumi na mbili alizotunga mwenyewe, zile walizozisali kila Jumatano katika chumba chake cha kushonea, watu wamebanana kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Walinzi walilichukua daftari hilo jana bila hata kubisha hodi.

Asingekuwa na msiba, angewapasha. Lakini mama yake alikuwa chumba cha maiti tangu Jumapili, leo Alhamisi, na watu hawa ndio waliokuwa na funguo za makaburi alikozikwa baba. Kando ya baba palibaki nafasi moja. Mama alipafagia mahali hapo miaka ishirini, akijua ni pake.

Mwenyekiti aliketi katikati ya meza. Kulia kwake alikuwepo karani na mhuri wake. Kushoto aliketi mjomba wa fundi, kaka wa marehemu mwenyewe, ambaye tangu aingie alikuwa akitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vipya. Cheo chake nacho kilikuwa kipya.

"Mlikuwa wangapi?"

"Tisa. Siku nyingine kumi na mmoja."

"Mkifanya nini?"

"Tunaomba. Tunaimba kidogo, kama majirani hawajalala."

"Jina la Yesu mnalitaja?"

"Tutaombaje bila kulitaja?"

"Kwa ruhusa ya nani?"

Karani aliinua kalamu kusubiri jibu.

"Sikujua kwamba linaombewa ruhusa," fundi alisema.

Karani nusura acheke, akajikohoza. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuchekeshwa. Alikuwa na ule upole mbaya wa watu ambao hawajawahi kukatizwa wakizungumza.

"Mdomo huo ndio uliokuleta hapa."

"Nimeletwa na walinzi wako wawili. Mmoja wao nilimshonea suruali, mpaka leo hajaja kuichukua."

Karani akamsogezea karatasi. Maneno yalikuwa machache: kwamba anaiacha mikutano isiyo na kibali, kwamba aliyoyafundisha humo ni upotovu, kwamba anayakana mbele ya halmashauri. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi, na mhuri ulikwisha kupigwa. Kwa jamaa hawa mhuri ulitangulia, mtu akafuata.

"Tia sahihi, mama yako azikwe kesho saa nane," Mwenyekiti alisema. "Usipotia, katafute pengine. Mtu wa nyumba yako hatalala katika ardhi yetu."

"Mama hakuja hata Jumatano moja. Alikuwa hoi kitandani."

"Si ndiye aliyekuzaa?"

Aliuliza kama anayeuliza bei ya chumvi.

Mjomba alisogea ukingoni mwa kiti. "Mwanangu, huu ni wino tu. Andika tumzike dada yangu."

"Ungekuwa wewe, mjomba, ungeandika?"

"Mimi nimeshaandika," mjomba alisema, akiviambia viatu.

Karani aliangalia saa ya ukutani. "Mwenyekiti, tusisahau mashahidi saa nne. Watu wameshajaa huko ukumbini."

"Mashahidi watangoja. Hawana pa kwenda."

Fundi alimchukia mtu huyu. Tangu jana alikuwa akijaribu kumsamehe, ikashindikana. Kila alipolifikia jina lake katika sala, ulimi ulimgomea. Aliona aibu kwa chuki hiyo, lakini haikupungua.

Akachukua kalamu. Alimfikiria mama akifukiwa upande wa pili wa mji, katika yale makaburi ya manispaa yasiyo na mtu wa kuyafagia, mbali na mumewe. Kisha akawafikiria watu wa Jumatano: mzee kiziwi aliyeomba kwa kelele kuliko wote, na mjane wa dobi, ambaye mwezi uliopita alicheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Hayo ndiyo aliyotakiwa kuyaita upotovu. Machozi yakamtoka mbele ya watu ambao hakutaka kabisa wayaone.

Akaiweka kalamu juu ya karatasi.

"Siandiki."

"Sema tena, karani aandike."

"Siandiki. Mama atanielewa. Asiponielewa, nitamwomba radhi siku nikimkuta."

Mjomba aliguna, lakini hakuinuka kitini.

"Mtoeni," Mwenyekiti aliwaambia walinzi. "Mpitisheni mlango wa nyuma, asionwe na watu. Na ile nafasi ya kaburi apewe mwingine."

Walimshika kila mmoja mkono, ingawa hakuwa akipigana. Yule wa suruali alimshika kwa nguvu zaidi. Alipotoka, karani alimaliza kuandika, akapuliza wino ukauke, akalifungia daftari kabatini.

Kisha akalitoa joho jeupe kabatini humo humo, akamvika Mwenyekiti, akamnyooshea msalaba kifuani. Mlango wa mbele ukafunguliwa, kwaya ikasimama. Mwenyekiti akapanda taratibu hadi madhabahuni, akawanyooshea mikono waumini elfu moja, na kwa sauti iliyokatika kwa kilio akaanza kuwasomea majina ya mashahidi wa kanisa lao: wale saba waliouawa zamani, wakanyimwa hata makaburi, kwa kosa la kuomba bila kibali.