Vitanda Vinane

Pale Keko, fundi alikuwa ameng'oa viti vyote vya Kosta yetu chakavu. Baba alitaka gari liwe nyumba, ili kila Desemba tukienda Tukuyu tulale humohumo njiani.

Fundi alichora vitanda sakafuni kwa chaki. "Haya, kila mtu alale kwenye chake, nione kama miguu inaenea."

Bibi akajilaza kwenye cha dirishani. Wadogo zangu sita wakagombania vyao kwa kelele. Kikubwa cha nyuma kilikuwa cha baba na mama.

Nikatafuta changu.

"Fundi, mie umenisahau," nikasema huku nikicheka.

Akafungua karatasi aliyopewa na baba, akahesabu kwa kidole. "Hapana, sista. Nimeandikiwa vinane, na vinane ndivyo hivi."

Mama aliinama, akaanza kufuta chaki kwenye khanga yake. Khanga haikuwa na chaki.

"Atuganile," bibi akaniita kwa upole, kama anayedhani nilishaambiwa. "Si Desemba utakuwa kwa mumeo?"

Niko mwaka wa pili chuoni, sina hata mchumba. Nilimgeukia baba. Alikuwa anatazama dari la gari.

Nikaenda mlangoni, nikalala chali, mgongo kwenye vumbi la chaki. Ambaye angetaka kutoka, ingebidi aniruke.

"Fundi," nikasema, "hiki cha tisa. Chora."