Bunduki ya Babu Yake Isidore

Isidore alitia pua kwenye mdomo wa bunduki, akafumba macho, akavuta harufu kwa kirefu. Baruti. Tena mbichi.

"Inanuka," alisema Mama Anastasie, mjane kutoka kijiji cha Mboko aliyeileta ikiwa imeviringishwa ndani ya mkeka.

"Bunduki za zamani za Barabu ziko vile, Mama. Baruti yao inanukaka miaka makumi sita."

"Kumbe," alisema Anastasie.

Bunduki Isidore hakuzijua hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kupima pamba ya wakulima pale Baraka, na mizani yake haikuwahi kumpendelea mkulima. Lakini hakuna jambo ungemuuliza akakosa la kusema.

Na hii kweli ilikuwa kioja. Mitutu miwili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Kitako kimeshonewa ngozi ya kenge. Ubavuni maandishi ambayo hayakuwa ya Kifaransa wala ya Kiarabu. Alipoitikisa, kikadondoka kipande cha shaba chenye pembe tatu, kidogo kama punje ya mahindi. Pambo la sultani fulani, akaamua, akakitia mfukoni.

Moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Bwana Administrateri wa Fizi, Mzungu mkuu wa wilaya, alipenda silaha za kale, ukuta wa ofisi yake ulijaa mikuki. Na Isidore alikuwa akiililia kadi ya serikali, ile ya Waafrika waliohesabiwa kuwa wameendelea. Mwenye kadi hachapwi kiboko. Mara mbili kamati ya kadi hiyo ilikuja nyumbani kwake, ikakagua uma, choo na mashuka, ikaondoka bila neno. Sasa jina lake lilingoja sahihi ya Bwana tu.

Akakunja uso, kama alivyozoea kuukunja mbele ya pamba safi.

"Mama, hii iko chuma tu. Haina bei. Ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Marehemu alikuwa anafukuza nayo nguruwe mu mihogo. Mi sitaki tena ikale kwangu. Basoda banapita nyumba kwa nyumba kule Mboko, banapekua mpaka mu dari."

"Banatafuta lutuku," alisema Isidore. Kila mwaka askari walitumwa kusaka pombe ile kali, na kila mwaka walirudi wakiyumba.

"Pengine," alisema Anastasie.

Isidore akampa chumvi na vipande viwili vya sabuni, akajiona mwerevu kupita kiasi. Kisha, mjane asije akageuka kesho, akaandika karatasi kwa mwandiko wake mzuri: bunduki hii ni mali ya nyumba ya Isidore tangu babu yake, na Anastasie hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Anastasie aliomba asomewe maneno hayo ya mwisho mara ya pili. Akabandika kidole gumba, na bila kuambiwa akakibandika tena.

Kesho yake Isidore alipanda lori la pamba hadi Fizi, koti mwilini, tai shingoni. Bwana alikuwa hajaonekana ofisini majuma mawili. Homa, walisema makarani, huku wakitazama chini.

Bwana alimpokea akiwa amesimama. Isidore alingoja aketi. Hakuketi. Kiti chake kikubwa kilibaki kitupu na mto mnene juu yake, naye alisimama mazungumzo yote, mkono mmoja ukiegemea meza. Isidore alijaa fahari mpaka macho yakamlowa. Mzungu amesimama kwa ajili yake! Laiti kamati iliyohesabu uma zake ingekuwepo ijionee.

Bwana aliigeuza bunduki mikononi bila haraka.

"Hii iko yako?"

"Yangu, Bwana. Ya babu yangu. Karatasi iko hapa."

Bwana akaisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Muntu mwingine anaipigaka?"

"Hapana, Bwana. Ni mi peke."

"Ingali inapiga?"

Isidore aliona thamani ya zawadi ikining'inia. Akatia chumvi katika maneno yake, maana habari ya sabuni na chumvi aliyompa mjane jana alikuwa ameshasahau.

"Sana, Bwana. Juzijuzi nilipiga nayo nguruwe, mu mihogo ya Mboko. Jua ilikuwa inazama."

"Nguruwe," alisema Bwana.

"Munene sana, Bwana. Ilikimbia inalia."

Uso wa Bwana ulikuwa umeiva kwa wekundu, na Isidore akadhani ni masalia ya homa. Ili kumaliza kazi, akatoa kile kipande cha shaba na kukiweka mezani kwa adabu.

"Na hii ilitoka ndani yake. Nazani ni ya sultani."

Bwana alifungua mtoto wa meza, akatoa kisanduku cha kibiriti, akamwaga vipande sita vya shaba, kila kimoja na pembe zake tatu. Cha Isidore akakisogeza kwa kidole hadi kati yao.

"Hizi sita, munganga wa hospitali ya Uvira alizitoa," alisema, akijishika nyuma kwa uangalifu, chini ya mkanda. "Alinilaza kifudifudi siku tatu."

Mlangoni askari alikuwa ameshaingia na kiboko, na ile kadi Isidore alikuwa bado hajapewa.