Mkanda au Kifaa

Mzee Waziri alikataa kiti. Alisema amekaa sana kwenye gari kutoka Rumonge mpaka Gatete, bora asimame. Tahira hakubishana naye. Aliingia ndani, akatoka na plastiki, akaitandika kwenye kiti.

"Kaa sasa. Iko ya kuoshwa."

Akakaa. Aibu ilimshika mpaka masikioni, mtu mzima wa miaka sitini na tano, muuza mawese anayejulikana soko zima.

Wenye shida ya kuvuja mkojo walikuwa wakimwendea Tahira kutoka mwambao wote wa ziwa, karibu wote akina mama. Yeye mwenyewe alivuja miaka tisa baada ya uzazi mgumu, akapasuliwa, akapona, na hakuona haya kulisema. Waziri alikuwa amekawia kuja, lakini hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Mwaka juzi walimtoa saratani ya tezi dume huko Bujumbura. Saratani ikaenda, mkojo ukabaki unajitokea wenyewe. Sasa daktari alitaka jibu Jumatatu: awekewe mkanda wa kuinua njia ya mkojo, au kifaa cha kuibana, chenye kipampu cha kubonyeza kila anapotaka kwenda haja.

Tahira alimtilia chai bila kuuliza sukari ngapi.

"Unabadilisha pampasi ngapi kwa siku?"

"Mbili."

"Waziri. Ukisema uongo unaangalia mulango."

Akainamisha kichwa. "Sita. Siku ingine saba."

"Na muganga wa hospitali ulimuambia ngapi?"

"Mbili. Muke wangu alikuwa amekaa pale, ningesemaje?"

"Mukanda, alikuambia ni wa nani?"

"Wa mwenye kuvuja kidogo."

"Basi atakufunga mukanda, na utaendelea kulowa mpaka ufe. Umemudanganya mutu anayetaka kukusaidia."

Waziri alisema anaogopa kisu mara ya pili, na anaogopa zaidi kubeba kitu cha kutengenezwa ndani ya mwili. Tahira akamwambia kuogopa ni haki yake, hata yeye aliogopa. Kikombe kilikuwa kinapoa mkononi mwa Waziri, na hakikuwa kimeguswa.

Ndipo lililomleta hasa likamtoka.

"Muke wangu Kaoutar amenisaliti. Ameenda kwa dada yake Nyanza-Lac, wiki ya pili sasa. Ati harufu. Ati godoro. Miaka ishirini na sita nimemulisha, nimemuvisha, leo ananikimbia kama mwenye ukoma! Mutu anaugua, hakupenda, halafu mwenzake anamuacha kwa sababu ya mukojo? Huo iko utu, Tahira?"

Alilia waziwazi, na machozi hakuyafuta. Ilikuwa mara ya kwanza kulia mbele ya mtu tangu ugonjwa uanze.

Tahira alimwacha alie mpaka akamaliza. Hakumgusa, wala hakuondoka.

"Siyo utu," alisema. "Jumatatu sema sita, chukua kifaa. Inshallah utakauka, na Kaoutar atarudi."

"Murakoze, asante sana. Wewe iko na roho nzuri."

"Hayo maneno yako ya leo, mimi nililia nayo mbele yako, Waziri. Hata arobaini ya marehemu mutoto wetu ilikuwa haijasomwa, ukanipa talaka, ukanitwika godoro lililolowa, nikapita nalo katikati ya soko mpaka kwa baba yangu."