Shati la Faraji

Madaktari wawili walikuwa wamemvuruga Jaji Kidawa akili. Wa kwanza aliapa kwamba Faraji, fundi wa pikipiki, alipigwa risasi kwa mbali, maana shati lake halikuwa na masizi ya baruti. Basi askari aliyeshtakiwa alimuua makusudi. Wa pili akaapa kwamba kidonda kinaonyesha mdomo wa bunduki uligusa kifua. Basi ni kweli walikuwa wakinyang'anyana bunduki, kama askari anavyodai.

Jaji akaomba apewe shati. Lilikuwa jeupe pepepe, mikono yake ina mistari ya pasi.

"Nani alilifua?"

Mama wa marehemu, Bi Chausiku, akasimama. "Mimi, mheshimiwa. Polisi waliniambia niwaletee nguo aliyokuwa ameivaa. Ningewapelekea watu nguo ya mwanangu ikiwa chafu?"

Madaktari wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Lilikuwa na nini?"

"Damu ilitoka upesi kwa maji baridi. Lile doa jeusi pale kwenye tundu ndilo lililonitoa jasho. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka."

Masizi? Au grisi ya pikipiki? Na mama huyu, anajua alichokisema? Jaji alimtazama usoni, asione ila uchovu. Akalisogeza shati puani. Lilinukia sabuni tu.

"Usilikunje, mheshimiwa," Bi Chausiku akasema taratibu. "Tafadhali."

Jaji akashusha macho. Vidole vyake vilikuwa vimelifumbata shati, na mistari ya pasi imeshaanza kupotea.