Mkate Ulioumwa Mara Moja

"Usiuguse!"

Sitora alikuwa amepanda juu ya mito mitatu, ulimi nje, kidole kimebakiza kidogo tu kuufikia mkate. Mohira alimshika kiunoni akamshusha, kama mtu anayemshusha paka kabatini.

Mkate ulikuwa umetundikwa ukutani kwenye msumari, mviringo, umeumwa mahali pamoja tu. Ulikuwa mkate wa msafiri. Anayeondoka huuma mara moja, unaobaki hutundikwa, na hakuna wa kuumaliza ila yeye mwenyewe siku akirudi.

"Lakini Firdavs hayupo," Sitora alinung'unika. "Nipe mimi, mama. Mimi nina meno mazuri."

"Ukiuma wewe, atapotea njia."

Sitora akafikiri. "Basi niulambe tu."

Mohira alicheka, kisha akatazama uani. Usiku wa kuamkia leo baridi ya kwanza ilikuwa imeshuka, na asubuhi majani ya mzabibu yalikuwa yamelala uani kama nguo zilizoanguka kambani. Maana yake leo ni siku ya kuwasha sandali: makaa ndani ya shimo, meza fupi juu yake, blanketi nene la pamba juu ya meza, na miguu yote ya nyumba chini ya blanketi. Siku hii Mohira huingoja kuliko sikukuu. Hupenda zile vurugu za miguu, nani kamgusa nani kwa nyayo za barafu, na mdogo wao Komil akisinzia huku kaufumbata mkate wake. Mwaka huu upande mmoja wa meza utakuwa mtupu, na upande mtupu huingiza baridi kwa wote.

Firdavs aliondoka akiwa amenuna. Alisema hapa hapakaliki. Kazi zote ni zake, lawama zote ni zake, asante hakuna, na hata usingizi hapati kwa kilio cha Komil. Anakwenda mahali ambapo mtu anathaminiwa. Akachukua koti, kofia ya sufu, na tikitimaji kubwa kuliko yote yaliyowekwa akiba ya baridi. Mohira hakumshika mguu. Alitoa mkate moto tanurini, akamwambia, "Uma." Mila ni mila, hata kwa mtu aliyenuna. Firdavs akauma, akafunga lango kwa kishindo, akaenda.

Adhuhuri Bibi Hosiyat, mama yake Mohira, alipita na kapu la makomamanga.

"Nina habari zake," alisema, hata kabla hajaketi.

Mohira aliendelea kukata boga, kana kwamba hakusikia. Kisu ndicho kilichosimama.

"Anakula vizuri. Ila usiku anageukageuka."

"Ameniulizia?"

"Ameulizia mkate. Kama bado upo."

"Mwambie upo. Mwambie panya wanaupenda sana."

"Si umwite tu, mwanangu? Neno moja, atakuja."

"Nikimwita leo, mwezi ujao ataondoka kwa sababu supu ina chumvi. Aje kwa miguu yake." Kisha akainamia boga, na sauti ikashuka. "Ila mama, ikipita leo bila yeye, sijui nitaufunika vipi ule upande."

Kutoka juu kikasikika kicheko. Bahrom, mumewe, alikuwa juu ya paa tangu asubuhi, udongo hadi viwiko, akiziba nyufa kabla mvua hazijaanza.

"Mohira! Maboga hayo ni ya sambusa?"

"Wewe huko juu, ziba paa, usizibe masikio ya watu!"

"Basi washa tanuri na ufungue lango. Upepo unakwenda upande huohuo alikokwenda yeye."

"Sasa harufu itafika huko?"

"Kwa ninavyolijua tumbo lake, itafika hata akiwa mwezini."

Mohira akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Bibi Hosiyat alitikisa kichwa. "Punguzeni kucheka ninyi wawili. Kuna mtu ameondoka kwa uchungu."

Lakini Mohira aliwasha tanuri. Alitia vitunguu vingi kuliko kawaida, na mafuta ya mkia wa kondoo ambayo huwa anayabania. Akalifungua lango wazi, akaliwekea jiwe. Sambusa zikaiva, moshi ukatoka ukaelekea barabarani kama mtu aliyetumwa.

Alasiri makaa yakawekwa shimoni. Blanketi likatandazwa. Komil akaingiza miguu, Sitora akaingiza miguu na mkono na karibu kichwa. Mohira aliketi mahali ambapo lango linaonekana, akajifanya anapanga vikombe.

Jiwe la lango likasukumwa.

"Mama!" Sitora alipiga kelele. "Msafiri!"

Firdavs alisimama kizingitini, kofia imefunika nyusi, begi begani. Aliangalia sambusa, kisha ukuta, kisha sambusa tena.

Mohira aliutungua mkate. Akapiga magoti, macho yao yakawa sawa, akampa. Firdavs akaung'ata kando ya pale alipouma mwanzo, na katikati ya alama mpya, kama kwenye ile ya zamani, pakabaki kijiukuta chembamba, pale ambapo meno mawili ya mbele hayajaota.

Bahrom akashuka ngazi akijipangusa udongo. "Haya, mheshimiwa. Huko ughaibuni kulikuwaje?"

"Sirudi huko tena, baba," Firdavs alisema, mdomo umejaa. "Bibi anakoroma."