Wakili Atoka Nje

Tegueni hiki, wajukuu zangu: ni chumba gani anayekaa amekataa, na anayetoka amekubali?

Ni Bunge la London enzi zile. Mswada ulitaka mwizi wa dukani asinyongwe tena, na Spika alikwisha kuamuru wanaokubali watoke nje wakahesabiwe.

Wakili Wetherby akataka kusimama, akashindwa. Tajiri aliyempa ubunge alikuwa amelikalia pindo la koti lake.

"Tulia, wakili. Ukitoka, kiti chako nampa binamu yangu."

"Mpe, mzee. Mama niliyemtetea alinyongwa kwa kuiba leso mbili."

"Utatoka peke yako kama mwehu!"

"Basi kunihesabu hakutawachosha."

Wetherby akachomoa mkono mmoja, kisha wa pili, akamwachia mzee koti, akaelekea mlangoni akiwa na shati tu.