Shanga Saba za Mama Ndezi

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakileleana watoto, Mama Ndezi alikuwa akimwachia Nungunungu wanawe wanne akienda kutafuta chakula. Nungunungu alikuwa mlinzi mwaminifu. Yeye na Mama Ndezi, kila mmoja alikuwa na uzi wa shanga saba, nyekundu na nyeupe zikifuatana, na asiye na uzi kama ule haingii shimoni walimolala watoto.

Siku moja uzi wa Mama Ndezi ulikatika njiani. Alirudi na shanga tatu tu.

Nungunungu alizipanga kando ya zake. "Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Zote zinalingana! Pita, dada. Wamekula, nimewaimbia mpaka wamelala."

Mama Ndezi alishukuru, akainua mguu aingie. Kisha akasita. "Kaka Nungu, ungenipitisha hata na ushanga mmoja?"

"Ukilingana, kwa nini nikuzuie?"

"Na Kicheche, yule mla watoto, akiokota mmoja njiani, je?"

Nungunungu alinywea, miba yote ikamlala. "Nimekukosea, dada."

"Hujanikosea, umewaimbia wanangu. Ila kuanzia leo hesabu kwanza, ndipo ulinganishe. Na uanze na mimi."

Akageuka kwenda kutafuta shanga zake nne, maziwa yakimvuja.

Hakufika mbali, Kicheche akapiga hodi. "Fungua, mjomba! Ushanga mwekundu huu hapa, kama wako."

"Mmoja," Nungunungu akahesabu, miba ikimsimama. "Mama yao mzazi amekataa kuingia na tatu. Wewe utaingia na mmoja?"